Mimi Sikukaa Nyuma

6 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hiyo shikamoo ni kwa ajili ya Mama aliyetufunza adabu. Usidhani umeistahili.

Leo asubuhi nilikuwa uani nafua, redio nimeiweka dirishani, mara nikasikia sauti yako. Mjinga mimi, nikafurahi! Nikamwita jirani, “Njoo, njoo, kaka yangu yumo redioni, anaeleza habari za pikipiki zake!” Akaja na povu mikononi, tukakaa kwenye ngazi.

Ulianza vizuri, siwezi kukunyima haki yako. Ulisimulia habari za Mbu, pikipiki yako ya kwanza, jinsi ilivyokuwa ikilia mpaka mbwa wa mtaa mzima wanaikimbiza. Jirani alicheka akashika mbavu. Ukaja kwa Radi, ambayo ulikuwa ukimpita nayo kila mtu, hata upepo. Ukaja kwa Sultani, uliye naye sasa, unayempangusa kuliko unavyopangusa meno. Nikamwambia jirani, “Unamsikia? Huyo ni wa tumbo moja na mimi.”

Halafu mtangazaji akakuuliza kama ipo safari moja usiyoweza kuisahau.

Kaka, nilidhani masikio yangu yamezeeka. “Mwanamke alikuwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, daraja limemezwa na mto. Nikasema, mleteni hapa. Nikampakia, nikapita naye juu ya tuta la reli, maji huku na huku.” Mtangazaji akauliza, “Na mdogo wako, yule mkunga, alikuwa wapi?” Nawe bila haya ukajibu, “Alikaa nyuma, analia. Nikamwambia, mdogo wangu nyamaza, kaka yako yupo.”

Kaka yako yupo! Yupo wapi? Siku ile ulikuwa mjini, umelala chini ya gari la mtu kwenye gereji. Habari ile uliisikia baadaye sana kutoka kwangu, na swali lako lilikuwa moja tu: eti spoku za Kobe zimesalimika?

Mimi ndiye niliyemwendesha Kobe, pikipiki ile ya Baba. Mimi niliyemfunga yule mama mgongoni kwangu kwa shuka la zahanati, tumbo lake linanigonga kiunoni kila tukipita juu ya taruma la reli. Sikukaa nyuma. Na sikulia. Ningelia kwa macho yapi, yote mawili yamejaa matope?

Unajua kilichoniuma kuliko vyote? Kisa hicho nilishamsimulia jirani yangu, zamani, tukichambua maharage. Leo aliinuka polepole, akapangusa mikono, akarudi kwenye beseni lake. Kwa hiyo sasa, nyumbani kwangu, uani kwangu, mwongo ni mimi.

Rudi redioni ukaseme ukweli. Na usinipigie simu, maana kwenye simu unanikatiza. Andika.

Mdogo wako,
Mkunga

14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako aliifungua kwanza wifi yako, kisha akaniletea kwa mkono ulionyooka kama mtu anayetupa panya. Tangu hapo chakula nawekewa mezani bila neno. Hongera, umefanikiwa.

Sasa yote hayo kwa maneno ya redioni? Redio si mahakama. Mtu akialikwa kwenye maikrofoni anaweka chumvi kidogo, ndivyo ilivyo. Safari ile ilitokea au haikutokea? Ilitokea. Pikipiki ilikuwa ya nyumbani kwetu au ya jirani? Ya kwetu. Mama na mtoto walipona? Walipona. Basi ugomvi ni nani alishika usukani! Hilo la kulia nimekosea, nalifuta. Umeridhika?

Fikiria na upande wangu. Wewe una cheti ukutani, kina mhuri na kioo. Uliagwa kwa hotuba, watu wazima wakakupigia makofi. Mimi nimefungua injini za watu maisha yangu yote, na siku niliyofunga gereji alinisindikiza paka. Leo, kwa mara ya kwanza, napita barabarani watu wananipungia. Kwenye kituo cha mafuta wananiita “Mzee wa Reli”. Chama cha waendesha pikipiki kimenipa uenyekiti wa heshima, wameninunulia koti la ngozi lenye jina hilo mgongoni. Unataka niende niwaambie nini? Kwamba koti si langu, ni la mdogo wangu wa kike mwenye goti bovu?

Wewe hulihitaji. Ungelihitaji ungelisema zamani, maana hakuna aliyewahi kukuziba mdomo.

Na kwa kuwa umemtaja Kobe, nakuomba tusifukue. Tunajua wote wawili Kobe alivyokufikia mikononi.

Kaka yako

22 Machi

Kaka,

Shikamoo.

Alivyonifikia mikononi! Sema, alinifikiaje? Nilimwiba? Nilimroga Baba?

Nitakukumbusha, kwa sababu naona kumbukumbu yako siku hizi inapokea kila kitu isipokuwa ukweli. Baba alikuwa msimamizi wa barabara, na Kobe ndiye aliyekuwa akimpeleka kukagua madaraja na mitaro. Alitufundisha wote wawili, uwanja mmoja, kule karakana ya barabara katikati ya mapipa ya lami. Wewe uliangusha mapipa. Mimi niliangusha mapipa. Siku aliyostaafu alitoka na ufunguo mkononi, wewe umesimama naye kibarazani. Mimi natoka jikoni na Mama, nakukuta unasema, kwa sauti ya mtaa mzima, “Siwezi kuendesha chuma chakavu.” Haya ni maneno yako, niliyasikia kwa masikio haya. Baba akanipa mimi. Uliikataa mwenyewe, Kaka, halafu umebeba kinyongo kama mtu aliyenyang'anywa!

Na unasema silihitaji. Ngoja nikueleze ninachohitaji.

Nilipoanza kazi na Kobe, mkuu wangu wa wauguzi alisema mwanamke akipanda pikipiki ataharibu tumbo. Nikazaa wanne. Zahanati ilipopewa pikipiki yake, ile ya bluu niliyoiita Mbuzi kwa kupenda milima, ufunguo alikabidhiwa mfagizi, mwanamume asiyejua hata kupiga kiki, na mimi nikaambiwa niwe nikimwomba. Nikaiendesha Mbuzi mpaka fremu ikakatika, sanduku la chanjo limefungwa nyuma, mvua na vumbi. Nikavunjika mfupa wa bega kwa ajili ya ng'ombe aliyelala barabarani. Baada ya Mbuzi nikajinunulia ile nyekundu uliyoicheka. Sasa goti halipigi kiki tena, nina hiki kidogo cha kubonyeza kitufe, na bado naenda nacho kliniki kujitolea siku za wajawazito.

Na kila nilipofika mahali papya, Kaka, kila mahali, nikishuka na kuvua helmeti, watu walinisalimia vizuri, halafu macho yao yakapita begani kwangu. Walikuwa wanamtafuta dereva. Kuna mzee mmoja alizunguka hata nyuma ya choo. “Aliyekuleta kaenda wapi, binti?”

Maisha yangu yote wanamtafuta mwanamume aliyeniendesha. Sasa wamempata. Ni kaka yangu mwenyewe, kavaa koti la ngozi.

Halafu unauliza ugomvi ni wa nini.

Mkunga

1 Aprili

Mdogo wangu,

Nina shida, na sina mwingine wa kumwambia.

Redio wamenipigia. Yule mama uliyembeba yu hai. Binti yake, yule aliyezaliwa siku ile, ni mwalimu, alisikia kipindi. Sasa anataka mama yake akutane na mtu aliyewaokoa. Wamekodi ukumbi, Jumamosi tarehe kumi na saba, matangazo ya moja kwa moja, watu wataingia bure. Mtangazaji analia kwa furaha. Nami nilisema “ndiyo” kabla ulimi haujashauriana na kichwa.

Nakuomba uje. Ukae kando yangu. Akiuliza, tuseme tulikuwa wote. Hutasema uongo mkubwa, utanyamaza tu mahali pawili patatu.

Najua utakavyokasirika. Lakini ungemwona yule mtangazaji! Nilimweleza habari za Mbu, nikamweleza za Radi, nikamweleza jinsi kabureta inavyosafishwa, naye anatazama saa, anamfanyia ishara mwenzake nyuma ya kioo. Aliponiuliza safari nisiyoisahau nilijua nikitaja ya kwangu ataniaga. Kisa chako kikatoka chenyewe. Kilikuwa tayari, kizuri, kimekaa mdomoni.

Na habari ya ufunguo, hukuisikia yote. Ulikuwa jikoni. Kabla hujatoka, Baba aliniambia hivi, tukiwa wawili tu: “Huu nampa mdogo wako. Wewe unaendesha ili uonekane. Yeye anaendesha ili afike.” Hakusema kwa ukali. Angenipiga kofi ningeona nafuu. Basi nilipokusikia unakuja ndipo nikapaza sauti, la chuma chakavu, ili wewe na Mama mdhani nimekataa mimi.

Mbu nilimnunua nimwonyeshe Baba. Radi pia. Kila nikibadilisha pikipiki nilimpitisha mbele ya kibaraza chake kwanza, nikiwa nimetumbua macho mbele kama sijamwona.

Njoo, tafadhali.

Kaka yako

8 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Siji.

Habari ya ufunguo nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Sikujua. Ungeniambia siku ile sijui ningefanyaje. Nasema kweli, pengine nisingekurudishia, maana nilimtaka Kobe mpaka mikono inawasha. Lakini ningejua nimekalia nini. Umeninyima hata hilo, nikawa namcheka mtu mwenye kidonda kila akija na pikipiki mpya. Nimekukasirikia zaidi, kama ulidhani nitapoa.

Lakini kukaa kando yako na kunyamaza “mahali pawili patatu”, hapana. Nimenyamaza mahali pengi mno tayari. Mpigie huyo mwalimu kabla ya siku yenyewe umwambie ukweli, yeye na mama yake tu, ukumbi ufungwe, yaishe.

Usipofanya hivyo utakayoyaona ni yako.

Mkunga

25 Aprili

Mdogo wangu,

Sikumpigia. Kila asubuhi nilisema leo, nikashika simu, nikaiweka, nikaenda kumpangusa Sultani.

Bila shaka umesikia redioni. Nakuandikia yale yasiyosikika.

Ukumbi ulijaa. Walinikalisha mbele na koti lile. Yule mama akaingia, mdogo wa umbo, macho yameanza ukungu, ameshikwa mkono na binti yake. Watu wakasimama wakapiga makofi. Akaja mpaka nilipo, akanishika mikono yote miwili, akanitazama kwa karibu kabisa, kama mtu anayesoma kibao.

Akasema, “Baba, samahani, wewe ni nani?”

Mtangazaji akacheka. “Mama, huyu ndiye aliyekubeba siku ile juu ya reli!”

“Aliyenibeba alikuwa msichana,” akasema. “Tena ana mdomo! Njia nzima ananifokea. ‘Wewe mama, ukisukuma sasa hivi nakushusha hapa hapa na treni ije ikuzalishe.’ Nilimwogopa yeye kuliko uchungu.”

Watu wakaangua kicheko. Mtangazaji akamwuliza kama kaka yake yule msichana hakuwepo labda. “Kulikuwa na mimi na yeye,” akasema, “na mume wangu anakuja kwa miguu, ameshika viatu vyangu.” Halafu akanigeukia tena, kwa upole, bila kunisimanga hata kidogo, akaniuliza, “Yeye hajambo? Yu hai?”

Nikasema hajambo. Halafu nikasema, “Ni mdogo wangu. Ni yeye, si mimi. Nilisema uongo.” Nilisema, wallahi nilisema. Lakini sauti ilitoka ndogo, na wao walikuwa wameshaweka muziki. Yule mama tu ndiye aliyesikia. Akanipigapiga mkono.

Mengine unayajua. Jumamosi nyingine imekuja kabla ile haijaisha, maana wanairudia kila siku. Wameanzisha mchezo, wasikilizaji wanapiga simu kusimulia uongo wa wazee wao, na mshindi anaitwa Mzee wa Reli wa wiki. Wameikata sauti yangu wakaiweka kama kengele: “Nyamaza, kaka yako yupo!” Kwenye kituo cha mafuta wananipokea nayo. Chama wametuma mtu kufuata koti. Nilimkabidhi limekunjwa vizuri.

Sultani nimemfunika turubai. Sitaendesha tena. Mtu wa umri wangu juu ya pikipiki, barabarani, watu wakimpigia kengele yake mwenyewe! Wifi yako amerudi kuzungumza nami, na hilo linaniogopesha, maana anazungumza kwa huruma.

Sasa ukweli umejulikana. Nenda kamwite jirani yako.

Kaka

29 Aprili

Kwa mtangazaji wa kipindi cha Jumamosi asubuhi,

Mimi ndiye yule msichana mwenye mdomo. Ni mkunga mstaafu, na hao mnaowatuma kunitafuta kwenye simu ili nije “nifurahishe wasikilizaji” waambieni wapumzike. Ninayo ya kusema, nayo ni haya.

Kaka yangu alisema uongo. Nilimwambia hivyo kwa mkono wangu, kwa maneno makali kuliko mtakayoyaweza ninyi. Mimi nina haki hiyo. Tumelala kitanda kimoja utotoni, tumeuguzana surua, amenilia mikate yangu. Ninyi haki hiyo mmeipata wapi?

Mlimwalika mzee awaeleze pikipiki zake, akawaeleza, mkatazama saa. Akawapa kisa cha mwingine ndipo mkaamka. Mkamweka mbele ya ukumbi mzima bila kumwuliza mtu hata mmoja kama jambo ni kweli. Mimi namba yangu ya simu inajulikana na kila mjamzito wa huku, ninyi ikawashinda kuitafuta! Hamkunitafuta kwa sababu hata ninyi mlikuwa na hakika kwamba mwanamke yule lazima aliendeshwa na mwanamume. Kaka yangu alisema uongo, lakini ninyi mliumeza bila hata kutafuna, ulikuwa umepikwa kwa ladha yenu. Na alipokiri, mkaweka muziki juu ya maneno yake. Mnayo kanda. Isikilizeni.

Mlimwuliza safari asiyoweza kuisahau. Mngekuwa na subira angewaeleza hii.

Baba yetu alipooza upande mmoja, mdomo ukaenda, maneno yakaenda. Mimi nilikuwa zahanati ya mbali, nahudumia wazazi wa watu. Hospitali ya mazoezi ya viungo ilikuwa ng'ambo ya mji, na Baba alikuwa mtu mkubwa, hakupandishika basi lolote. Kaka alikuwa na pikipiki anayoiita Radi, mmemsikia akiisifu. Aliikata fremu. Aliikata mwenyewe, kwa msumeno, pikipiki iliyokuwa mboni ya jicho lake, akaichomelea kigari cha bati ubavuni. Baada ya hapo haikumpita mtu tena, hata baiskeli ziliipita. Akawa anamvalisha Baba, anamwinua, anamkalisha humo, anamfunga mkanda, anampeleka na kumrudisha, mvua na jua, miaka. Gereji ilikaa imefungwa nusu ya juma na wateja wakamkimbia. Alimwogesha. Alimnyoa. Na huyo Baba ndiye aliyekuwa amemwambia neno moja baya ambalo hamtaambiwa, neno ambalo mwana mwingine angelilipa kwa kumwachia wengine kazi hiyo.

Jambo hilo hakuwaambia. Mimi mwenyewe hajawahi kunisimulia, nilisimuliwa na mkewe. Huyo ndiye mnayemfanya kengele.

Acheni mchezo wenu. Someni barua hii mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka na bila muziki. Mkiruka nitajua, na nitakuja hapo mlipo. Nina pikipiki.

Mkunga mstaafu

10 Mei

Mdogo wangu,

Nani alikuruhusu?

Nakuuliza, nani alikuruhusu kupeleka habari za Baba kwa watu wale? Mimi nimechukua kisa chako, sawa, nimeadhibiwa. Wewe nawe unachukua changu, unakisomea dunia nzima, mpaka kumwogesha! Baba, aliyekuwa hataki hata sisi tumwone bila kofia! Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, wakakisoma chote. Kinyozi akazima mashine. Watu wanasikiliza, na mimi nimefungwa kitambaa shingoni siwezi hata kukimbia.

Ndiyo, mchezo wameuacha. Ndiyo, mtangazaji alikuja nyumbani akaomba radhi, wifi yako akamwacha amesimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyofaa. Ndiyo, chama wamerudisha koti, nami nimelikataa, kwa hiyo limekaa kwenye kiti cha sebuleni kama mgeni asiye na nauli. Na yule mwalimu ameomba namba yako, nimempa, kwa hiyo ukipigiwa usianze kufoka, mama yake anataka kukusikia.

Lakini hukuniuliza. Na umekosea! Kama ulitaka kusema, ungeniuliza usikosee. Kigari hakikuwa cha bati. Kilikuwa cha mbao, na chini yake fremu ya kitanda cha hospitali kilichotupwa. Bati lilikuwa ubavuni tu, upande wa mkono wake mzima, kumkinga na matope. Na hakufungwa mkanda. Alikataa mkanda. Angefungwa mkanda Baba, msimamizi wa barabara? Alishikilia ukingo.

Jana nilimtoa Sultani nje. Si kwa sababu yako. Betri inakufa ikikaa.

Sasa nikueleze, maana naona usipoelezwa utabuni. Safari za mwanzo nilimwendesha kama nimebeba mayai. Mashimo yote nayakwepa, magari yote nayapisha. Tukifika barabara ile ndefu ya mitaro, aliyoijenga yeye, alianza kugonga lile bati kwa mkono wake mzima. Ga, ga, ga. Nikadhani anaogopa, nikapunguza mwendo. Akagonga zaidi. Nikapunguza mpaka injini inataka kuzimika, naye anagonga kama mtu aliyefungiwa chumbani. Nikasimama, nikashuka, nikamtazama, nikamwuliza, “Baba, unaumia? Turudi?” Hawezi kujibu. Aliniangalia kwa hasira ile unayoijua, ile ya mapipa. Halafu akanyoosha mkono akaelekeza mbele.

Nikapanda. Nikatia gia, nikaongeza. Akagonga. Nikaongeza tena, gari la mbao linatetemeka, kofia yake imeruka imekwenda. Akagonga. Basi nikamwachia Radi aende, ule mwendo wote uliobaki ndani yake, nikawa nimeinama, machozi ya upepo yananitoka. Ndipo kugonga kulipokoma. Nikageuka kumtazama, nikidhani nimemuua.

Alikuwa anacheka. Upande mmoja wa uso tu ndio uliokuwa unaweza, lakini alikuwa anacheka mpaka meno.

Hili usiwapelekee.

Kaka yako